Jibu Lililotoka Akiwa Usingizini

Vigelegele vya mama yake ndivyo vilivyomwamsha, vigelegele vya kutoka tumboni, vya kuwafanya majirani waache vyombo na kuchungulia dirishani. Mpole alikurupuka kitandani, shuka limemzonga miguuni, akadhani nyumba inaungua. Ilibidi atulie kidogo ndipo akumbuke kwamba nyumba ikiungua watu hawapigi vigelegele.

Mpole ndilo jina aliloitwa binti huyu tangu utotoni. Hakuwahi kulikataa, kama ambavyo hakuwahi kukataa kitu kingine chochote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta, zile zinazopanga foleni za wagonjwa hospitalini ili mtu asishinde kwenye benchi toka asubuhi. Wenzake wakipewa likizo husafiri, au hulala mpaka mashavu yakajaa. Yeye likizo yake alikuwa amejifungia chumbani, nyumbani kwa mama yake, mapazia yameshushwa, anachezea programu mpya iliyotoka juzijuzi. Mama alishasema mpaka akachoka. "Mtu gani anapumzika kazi kwa kufanya kazi?" Naye hujibu, "Sawa mama, namalizia," na haondoki hapo kitini.

Mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Mwanangu!" Mama alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyewakataza watoto wa watu kukimbia varandani maisha yake yote, na sasa aliingia mbio. "Umenificha! Mimi, mama yako mzazi, umenificha!"

"Nimekuficha nini, mama?"

"Mfamasia wako amenipigia mwenyewe. Analia, anacheka, hata sielewi anafanya nini. Anasema umemkubali! Ndoa mwezi ujao!"

Mpole alitazama kompyuta juu ya meza. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka. Akaitazama simu.

"Shangazi yako nimeshamwambia, yuko njiani," mama aliendelea, huku anapangusa macho kwa pindo la gauni. "Mjomba nimempigia. Kwaya nzima imeshajua. Oga basi, mwanangu, uso wako umejaa alama za mto."

Akatoka anaimba. Mpole akaichukua simu kwa mikono miwili.

Niwaeleze kwanza programu yenyewe, maana ndiyo iliyomponza. Ukiipa meseji zako za zamani inajifunza unavyoongea, maneno unayoyapenda, hata mahali unapoweka kikopa chekundu, kisha inaweza kumjibu mtu kwa niaba yako. Ukitaka, inakuandikia jibu ulisome kwanza. Ukitaka, inalituma yenyewe. Mpole alianza na akaunti ya majaribio kama inavyotakiwa. Lakini akaunti ya majaribio haina ndugu wala mpenzi, na programu ikawa inajibu kama karani aliyenuna. Akaona isiwe tabu, akaiunganisha na simu yake mwenyewe. Akairuhusu itume, aone itakavyopiga porojo na rafiki yake wa ofisini. Ikapiga porojo vizuri mno, rafiki hakugundua kitu, naye akacheka peke yake kama mwehu. Halafu akajinyoosha kitandani mara moja tu, na usingizi wa mchana ukampitia kabla hajaizima.

Ni kosa analowakaripia vijana wapya kila wanapoingia kazini. Usijaribu kitu kipya kwenye mfumo ambao watu wanautumia. Anawaambia kwa sauti ya chini, kwa upole, lakini anawaambia. Leo yeye mwenyewe alijaribu kitu kipya kwenye maisha yake.

Meseji ya Mfamasia ilikuwa ndefu. *Mpole wangu, kusema mbele yako nimeshindwa, kwa hiyo naandika. Mama yangu anazeeka peke yake. Duka la dawa la marehemu baba limefungwa tangu msiba. Nataka nirudi kwetu nikalifungue, na nataka twende wote. Tuoane mwezi ujao. Uache kazi, ushinde na mama nyumbani mimi nikiwa dukani, maana kumwacha peke yake siwezi tena. Najua ni jambo kubwa. Unasemaje?*

Na chini yake, jibu lililotoka yeye akikoroma: *Sawa mpenzi. Wewe panga tu, mimi sina neno.* Vikopa viwili.

Alilisoma tena na tena. Lingekuwa jibu la kijinga, lenye makosa, angepata pa kushika. Lakini lilikuwa lake mpaka nukta. Hata vikopa, yeye huweka viwili, haweki kimoja wala vitatu.

Alimpenda yule mwanamume. Hilo lisiwachanganye. Walikutana kwenye dirisha la dawa la hospitali, siku alipokwenda kufunga mfumo wa foleni, na Mfamasia akamtolea kiti chake mwenyewe, akafanya kazi amesimama kutwa nzima bila kusema miguu inamuuma. Alimpenda kwa kicheko chake kinachoanzia mabegani. Alimpenda anavyowaeleza wazee dawa zao mara ya pili na ya tatu bila kupandisha sauti. Lakini kuacha kazi? Kwenda kushinda kwenye nyumba ya mtu, jikoni mwa mtu, akingojea duka lifungwe ndipo aongee? Alijiona amekaa kwenye chumba cha nyumba hiyo ya mbali, mikono mapajani, anasema sawa mama, sawa mpenzi, sawa, mpaka nywele zinageuka nyeupe.

Akaketi mbele ya kompyuta. Akaibadilisha programu isitume kitu mpaka yeye akisome, ndiyo kwanza amekumbuka, kisha akaiamuru: *Mwandikie kwamba sikubali.*

Programu ikafikiri kidogo, ikaandika: *Samahani kukusumbua mpenzi. Nilikuwa nawaza kidogo tu kuhusu ile habari. Ila wewe ukiona ni sawa, basi ni sawa.*

"Wee!" Mpole aliiambia kompyuta.

Akaandika tena: *Kataa. Kata kabisa.*

*Mpenzi, kuna kitu kinanisumbua lakini si kikubwa, usijali. Tutaongea ukipata nafasi. Pole na kazi.* Vikopa viwili.

Ilikuwa imesoma kila alichowahi kumwandikia binadamu, na humo mote haikuokota hata hapana moja ya kuigiza. Mpole akaifunga kompyuta kwa kishindo. Akataka kuandika mwenyewe, kwa vidole vyake. Aliandika "Mpenzi, samahani," akakwama hapo hapo.

Sebuleni sauti ya shangazi yake ilikwishafika kabla ya shangazi mwenyewe.

"Yuko wapi bibi harusi? Mleteni nimpime!"

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na shingoni tepu ya kupimia haikumtoka hata msibani. Mpole alipotokeza na kusema shikamoo, aliitikia marahaba huku ameshamzungushia tepu kifuani.

"Nyoosha mikono. Hivyo. Usipumue."

"Shangazi, kuna jambo..."

"Nimesema usipumue. Kiuno hiki kitoto, mama yake, unamlisha nini? Kompyuta?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mpole alisimama katikati ya sebule, mikono imenyooshwa pembeni, tepu inahama kutoka kifuani kwenda kiunoni na kutoka kiunoni kwenda nyongani, wanawake wawili wanaompenda kuliko kitu chochote duniani wanamzunguka na kutaja namba.

"Mama," alisema. "Lile jibu..."

"Lilikuwa zuri! Amenisomea. 'Wewe panga tu, mimi sina neno.' Nikasema kweli huyu ni mwanangu, nimemlea mwenyewe."

"Sikuliandika mimi."

"Ah, haya sasa ameanza kuona aibu," alisema shangazi, sindano midomoni. "Hata mimi niliona aibu. Nilijificha chooni mpaka wakaja kunitoa. Geuka."

"Si aibu, shangazi. Ni programu. Ilijibu yenyewe, nilikuwa nimelala."

Mama aliacha kucheka. Alimtazama mwanawe kwa yale macho ya darasani, yanayojua nani amerusha chaki.

"Mpole. Mashine ndiyo iliyokutongoza? Mashine ndiyo iliyokuja hapa sikukuu nzima ikanisaidia kupaka rangi ukuta wangu? Kama ni kweli humtaki yule kijana, sema sasa hivi, nikawapigie watu wote hao niwaambie mwanangu alikuwa anacheza. Sema."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mpole alifumbua mdomo. Aliuona uso wa mama, nuru uliyoipata tangu mchana, ile ambayo haikuwapo tangu baba alipofariki.

"Namtaka," alisema, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

"Basi nyoosha mikono," alisema shangazi.

Mfamasia alifika jua likiwa bado liko juu ya mapaa. Alikuja na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na kabla hajakaa mama alikwishamwita mkwe wangu, na shangazi alikwishamkagua mabega kwa jicho la kazi. Mpole alisema angependa waongee kidogo nje. Shangazi alikonyeza. Wakapita jikoni, wakaketi kwenye ngazi za nyuma, chini ya kamba za kuanikia nguo, na mlango wa jikoni ukabaki wazi kidogo, kwa sababu shangazi ni shangazi.

"Nishike mkono," alisema Mfamasia. "Akili haijanitulia kabisa. Tangu mchana. Leo nimempa mzee mmoja dawa za kikohozi anaumwa goti. Akanirudishia mwenyewe."

Alicheka, mabega yakianza kwanza. Mpole naye akacheka, ndivyo alivyo, mtu huyu akicheka yeye hawezi kujizuia. Kisha machozi yakaanza kumlengalenga na mkono akauondoa.

"Kuna nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, programu, akaunti ya majaribio, usingizi. Aliongea huku anatazama shuka zilizoanikwa. Mfamasia hakumkatisha hata mara moja. Mpole alipomaliza, Mfamasia akatabasamu nusu.

"Sasa si ni wewe tu?"

"Siyo mimi. Nimekwambia nilikuwa nimelala."

"Sikiliza. Unasema imejifunza kwako. Imesoma meseji zako zote, ikajibu kama ungejibu wewe. Ungekuwa macho ungejibu nini?"

Mpole akazitazama tena shuka.

"Mimi nawe hatujawahi kugombana," Mfamasia alisema, taratibu, kwa ile sauti ya kueleza dawa. "Kabla sijakuandikia nilirudi nikasoma meseji zetu zote, toka mwanzo. Nilikuwa naogopa. Nikaona kila nilichokuuliza umekubali. Twende huku, sawa. Tusiende, sawa. Nimechelewa, haina shida. Ndipo nikapata moyo. Kwa hiyo usiilaumu mashine peke yake, Mpole. Hata mimi nilijua jibu kabla sijauliza."

Maneno hayo yalimwingia vibaya kuliko kama angefokewa. Aliona mlango unafungwa, polepole, na anayeusukuma ni yeye mwenyewe wa jana na wa juzi. Hata hasira ya kumkasirikia mwanamume huyu hakuwa na haki nayo.

"Niulize sasa," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Uliyoniandikia. Niulize kwa mdomo."

"Mpole, watu wako ndani..."

"Niulize."

Mfamasia alijikohoza. Alifuta viganja kwenye suruali. "Utaacha kazi, twende kwetu, ukae na mama?"

Jikoni kijiko kilianguka. Mpole alihisi neno lile la siku zote linapanda lenyewe, jepesi, limeshazoea njia. Akalimeza. Lilimkwaruza koo kama kipande cha ganda la yai.

"Hapana."

Walitazamana. Nadhani wote wawili walishtuka sawasawa.

"Hapana," alirudia, sauti ikiwa nyembamba. "Siachi kazi. Sitaki kushinda nyumbani na mama yako nikikungoja. Mama yako namheshimu, siyo hilo. Lakini nitakufa mle ndani, mpenzi. Nitakuwa nakutabasamia kila jioni na nitakuwa nimekufa."

"Mbona hukusema siku zote hizi? Nimeligusia mara ngapi? Kila nikiligusia unasema tutaona."

"Tutaona ndiyo ilikuwa hapana yangu. Sikuwa na nyingine."

"Mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Sikulaumu." Machozi sasa yalikuwa yanatoka na hakuyafuta. "Tumtafutie mtu wa kukaa naye. Au aje huku, nitampenda, nitamhudumia, lakini niwe na kazi yangu. Duka tafuta mtu alisimamie."

"Mama hatoki kwake. Nimeshamwomba, ameniambia atatoka na jeneza." Mfamasia aliinamisha kichwa, vidole vikiwa ndani ya nywele. "Nilimpigia mchana, baada ya jibu lako. Unajua alifanya nini? Alikwenda kufungua madirisha ya chumba chetu kiingie hewa. Mtu hata kutembea anatembea kwa kushika ukuta. Nilisikia kwenye simu anavyohangaika na komeo."

Mpole alimwekea mkono mgongoni. Mgongo ulikuwa wa moto, shati jipya limelowa. Alitamani kusema sawa. Wallahi alitamani. Neno moja tu, na mwanamume huyu angeinua kichwa, mabega yangecheka, na mle ndani vigelegele vingeendelea. Angeweza kulisema akalia baadaye, kidogo kidogo, miaka mingi, bila mtu kujua.

Hakulisema.

Mfamasia alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. "Nikwambie ukweli, Mpole? Yule aliyenijibu mchana ndiye niliyetaka kumwoa."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alijishika mdomo. "Sikukusudia hivyo."

"Umekusudia," alisema Mpole, bila ukali. "Na huyo huyo ndiye niliyekuwa namwogopa mimi."

Wakakaa. Upepo ulizipeperusha shuka, zikawafunika, zikawafunua. Mpole aliushika mkono wake tena, akaugeuza, akaubusu kiganjani, pale kwenye harufu ya dawa isiyotoka kwa sabuni yoyote. Hakuna aliyesema kwaheri. Mfamasia alisimama kwanza.

Njia ya kutokea ilipitia sebuleni. Shangazi alikwisharudi kitini mbio, anapima kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kupimwa, hakumtazama mtu. Mama hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, simu sikioni, uso unang'aa.

"Haya, wanangu, mmepanga tarehe? Mjomba yuko kwenye laini."

Mfamasia alisogea mbele. Hata hapo alikuwa mtu mwema, alitaka kumkinga. "Mama, naona tutaongea siku nyingine, leo..."

"Hapana," alisema Mpole, akampita, akasimama mbele ya mama yake. "Nimekataa, mama. Mwambie mjomba nimekataa ndoa."

"Umekataa?" Mama alilitamka neno hilo kama jina la mtu asiyemfahamu. Simu ikashuka sikioni, na mjomba akasikika anaita, halo, halo. "Wewe? Nusu saa iliyopita, hapa hapa, umesema unamtaka. Nawaambia nini watu?"

"Waambie ni mimi. Waambie nilikuwa macho."

Mfamasia alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akainama kwa heshima, kisha akaelekea mlangoni. Viatu vyake vilisikika polepole sakafuni. Mama alimtazama anavyokwenda, akamtazama mwanawe, na sauti ya ualimu ikamtoka kabisa, akabaki mama tu.

"Lakini mwanangu, kwani humpendi?"

"Nampenda, mama," alisema Mpole, kwa sauti ya kufika mpaka nje, na mlango wa mbele ukafungwa taratibu.